Siku nne Lübeck na mama yangu: mji wa kulala, msiupite tu

BintiShangani

Wakuu, habari za humu. Niliahidi kwamba safari yangu na mama ikimalizika nitaleta simulizi. Leo nina mapumziko ya kazi, kwa hiyo nakaa niandike kwa utulivu. Vuteni viti.

Kwa wasionijua: mimi mtu wa Unguja, Mji Mkongwe, nafanya kazi ya uuguzi wa wazee Hamburg, mwaka wa sita sasa. Juni 2025 mama alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na habari za Berlin wala Paris hakutaka kuzisikia. Aliniambia, "Mwanangu, nipeleke pahala nikae, usinipeleke pahala nikakimbizwe." Nikawaza siku mbili, nikamchagulia Lübeck.

Lübeck iko kaskazini mwa Ujerumani, dakika 45 hivi kwa treni ya mkoa kutoka Hamburg, na ukaribu huo ndio unaouponza mji. Watu hufika saa nne asubuhi, wakapiga picha lango, wakanunua marzipani, kile kitamu cha lozi, na saa kumi na moja jioni wameshapanda treni ya kurudi. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilishakwenda mara tatu nikadhani naujua. Safari hii tulilala, na ndipo nilipouona. Kuanzia saa kumi na mbili jioni wageni wa siku moja wanaondoka, mji unabaki na wenyewe, na mwezi Juni mwanga haukatiki mpaka saa nne usiku. Mama alikuwa akiswali Magharibi saa nne! Ikitoka Alasiri tunakuwa na jioni ndefu ajabu, tunatembea taratibu, tunakaa, tunatembea tena.

Mji wa kale ni kisiwa. Mto Trave unauzunguka upande mmoja, upande wa pili kuna Wakenitz na mfereji. Urefu wake kama kilomita mbili, upana kilomita moja. Huwezi kupotea, ukifika majini unageuka.

Siku ya kwanza tulitoka stesheni tukaenda kwa miguu hadi Holstentor, lile lango lenye minara miwili minene na vilemba vyeusi. Limejengwa kati ya 1464 na 1478. Ukilitazama kwa makini utaona limepinda, minara imeegemeana kama wazee wawili waliochoka, kwa sababu udongo wa chini ni kinamasi na lango limekuwa likizama tangu linajengwa. Yale matundu ya chini kabisa sasa yako chini ya usawa wa ardhi. Wajerumani wa umri wa mama wanalijua vizuri, lilikuwa kwenye noti yao ya mark 50. Na nusura libomolewe: mwaka 1863 baraza la mji lilipiga kura, na lango likaokoka kwa tofauti ya kura moja.

Mama hakujali sana hadithi ya kura. Alisogea akaweka kiganja ukutani, akasema, "Hili tofali limechomwa vizuri." Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa fundi wa chokaa. Ndipo nikamweleza kwamba huku hawana mawe ya kujengea, kama sisi tulivyokuwa na matumbawe, kwa hiyo makanisa, ghala, malango, vyote wamejenga kwa udongo wa kuchoma. Tangu hapo kila jengo tulilolifikia alilipapasa kwanza.

Nitaendelea, chai imeiva.

MzeeWaGati

Nimeweka kiti mbele kabisa. Binti, kabla hujaendelea tusaidie: huo mji ulipata wapi fedha ya kujenga hayo yote? Lübeck si bandari ninayoisikia siku hizi.

BintiShangani

Shikamoo Mzee. Swali zuri, na jibu lake liko palepale pembeni ya lango. Kuna majumba sita ya matofali yamesimama mstari mmoja ukingoni mwa mto, yanaitwa Salzspeicher, ghala za chumvi. Yamejengwa kwa nyakati tofauti, la kwanza 1579, la mwisho 1745.

Utaratibu ulikuwa hivi. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, kusini. Mwaka 1398 ulimalizika mfereji wa Stecknitz, chumvi ikawa inasafirishwa kwa mashua mpaka Lübeck. Hapa inawekwa ghalani, inapakiwa merikebuni, inapelekwa Skandinavia. Kule kulikuwa na samaki wa heringi kwa wingi usiosemeka, lakini heringi ana mafuta, anaharibika upesi. Bila chumvi hafiki mbali. Na Wakristo wa wakati ule walikuwa na siku nyingi za mfungo wasizokula nyama, kwa hiyo Ulaya nzima ilimtaka samaki. Aliyeshika chumvi alishika samaki, na aliyeshika samaki alishika fedha. Lübeck ikawa kiongozi wa Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara uliotawala biashara ya Bahari ya Baltiki kwa karne kadhaa. Mkutano wao mkuu wa mwisho ulifanyika hapo hapo Lübeck mwaka 1669.

Ukipenda kulijua hilo kwa kina kuna makumbusho ya Hansa yaliyofunguliwa 2015. Tulikaa saa tatu mle. Ni kubwa, kuna maandishi mengi ya kusoma, mama alichoka, tukatoka. Mwenye magoti mabovu agawe siku mbili.

Na kuna jambo lililonisisimua mimi mwenyewe kama mtu wa Unguja. Mwaka 1859, kabla hakujawa na nchi moja inayoitwa Ujerumani, miji mitatu ya Hansa, yaani Lübeck, Bremen na Hamburg, ilitia saini mkataba wa biashara na Zanzibar, wakati wa Sayyid Majid. Kwa hiyo jina la mji huu lilishaandikwa kwenye karatasi pamoja na letu. Nilipomwambia mama, tulikuwa tumekaa kwenye benchi tunatazama zile ghala. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi si wageni hawa."

Mpwani_wa_Kibokoni

Dada, salamu kutoka Mombasa. Nimesoma mahali kwamba Lübeck ina vichochoro kama vyetu vya Mji wa Kale. Ni kweli ama ni maneno ya matangazo ya utalii?

BintiShangani

Ni kweli, kaka, na hapo ndipo hasa nilipotaka kufika.

Ukitembea barabara za kawaida za Lübeck unaona nyumba kubwa za matajiri zimepangana, nyumba ndefu zenye vilele vya ngazi. Baina ya nyumba na nyumba utaona tundu ukutani, dogo kama mlango wa stoo. Ukiinama ukapita, unatokea ndani kwenye uchochoro wenye nyumba ndogo ndogo za ghorofa moja, zimepakwa rangi ya maziwa, ya njano, ya buluu, mawaridi yamepanda mpaka juu ya milango, baiskeli imeegemezwa, paka amelala dirishani. Wanaviita Gänge. Vimebaki takribani 90. Mji ulipojaa watu na kisiwa hakiongezeki, matajiri walijenga vibanda uani mwa nyumba zao wakavipangisha kwa vibarua, mabaharia, wachukuzi. Inasimuliwa kwamba kipimo cha tundu la kuingilia kilikuwa kimoja tu: jeneza liweze kupita.

Mama aliposikia hilo la jeneza alirudi nyuma akalitazama tena lile tundu, akalipima kwa mikono.

Vyenye majina ya kuanzia ni Hellgrüner Gang na vile vilivyopo upande wa Engelswisch. Kipo pia kitu kingine, Höfe, hizi ni nyua kubwa zilizojengwa kwa sadaka. Füchtingshof ulijengwa mwaka 1639 kwa ajili ya wajane wa wafanyabiashara na mabaharia. Ni kama wakfu wetu: tajiri anakufa, anaacha mali iwahifadhi wasio na mtu. Unaingia kwa saa zilizopangwa, kwa sababu watu wanaishi mle mpaka leo.

Nisisitize hilo, wakuu. Ni nyumba za watu. Msipige kelele, msichungulie madirishani, msiwapige picha watu wanaokunywa kahawa mlangoni kwao. Sisi wa Mji Mkongwe tunajua maudhi ya kupigwa picha ukianika nguo.

Jioni ya pili, kama saa tatu hivi, tuliingia kichochoro kimoja tukamkuta bibi wa Kijerumani anamwagilia maua kwa kopo la bati. Mama akamwamkia kwa Kiswahili, maana hana kingine: "Hujambo bibi, maua yako mazuri." Bibi akajibu kwa Kijerumani. Nilitaka kutafsiri, mama akanionesha mkono nitulie. Akagusa ua, akaonesha kwa kidole huku na huku, kwa maana anaulizia kama linapata jua. Bibi akaelewa, akamwonesha ukuta wa magharibi. Wakaendelea hivyo karibu robo saa, wakionyeshana majani yenye madoa na kutikisa vichwa. Tulipoondoka yule bibi alimkatia waridi moja jeupe. Lilikaa kwenye glasi ya kupigia mswaki hadi siku tuliyoondoka.

Mtu aliyerudi Hamburg kwa treni ya saa kumi na moja hakuliona hilo.

Kamanda255

Uzi mtamu ila naomba nipinge kidogo. Siku nne kwenye mji wa kilomita mbili? Mimi nilikaa siku moja nikamaliza lango, kanisa na marzipani. Kwa siku nne mtu anapata Hamburg, Bremen, Lübeck na hata Schwerin.

BintiShangani

Kamanda, nakuelewa, na kama likizo yako ni ya siku tano kwa miaka mitano, fanya hivyo. Ila nikuulize: kanisani Marienkirche ulikaa dakika ngapi? Kwa sababu kanisa hilo peke yake lilitula asubuhi nzima.

Ni kanisa la wafanyabiashara, walilijenga wao katika karne ya 13 na 14 ili lishinde kanisa la askofu. Dari lake la matofali liko mita 38.5 kutoka sakafuni, hakuna dari la matao ya matofali lililo juu kuliko hilo duniani. Mama aliinua kichwa mpaka mtandio ukaanguka.

Sasa nenda kwenye mnara wa kusini, chini. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1942, ndege za Waingereza ziliupiga mji mabomu. Kanisa likawaka. Kengele mbili kubwa zilizokuwa mnarani zikaanguka na zikapasuka. Vita vilipokwisha wakajenga upya kanisa zima, lakini kengele hawakuziondoa. Ziko pale pale zilipoangukia, zimezama sakafuni, shaba imekunjamana kama karatasi, na vipande vimetawanyika pembeni. Wamezungushia uzio wa chuma tu. Hakuna maelezo marefu.

Tulikuta watu wawili watatu, wote kimya. Mama alishika uzio akasimama. Alikuwa mtoto wa miaka sita wakati wa Mapinduzi, na hadi leo hasimulii. Sikumwuliza kitu. Baada ya muda akasema twende, tukaenda kukaa kwenye viti vya katikati. Mtu alikuwa anafanya mazoezi ya kinanda kikubwa, anaanza kipande, anakatiza, anaanza tena. Tulikaa mpaka alipomaliza.

Upigaji kinanda kanisani hapa nao una habari yake. Dieterich Buxtehude alikuwa mpigaji wa kanisa hili tangu 1668 hadi alipofariki 1707. Mwaka 1705 kijana wa miaka 20, Johann Sebastian Bach, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki, aliomba ruhusa ya wiki nne kazini kwake Arnstadt, akatembea kwa miguu kama kilomita 400 kuja kumsikiliza, na akakaa karibu miezi minne. Aliporudi alikuta waajiri wamekasirika. Bach naye hakuweza kuumaliza mji huu kwa siku moja, Kamanda.

Kamanda255

Kengele sikuziona kabisa. Nilipita mlango wa pembeni nikatoka. Nitarudi, dada.

mwanafunzi_wa_sanaa

Naomba kuchangia kuhusu Marienkirche. Baada ya ule moto lipu ilibanduka na michoro ya zama za kati ikaonekana ukutani. Mafundi wakapewa kazi ya kuitengeneza. Mwaka 1951 wakazindua kwa sherehe kubwa, hadi stempu zikachapishwa. Mwaka uliofuata mmoja wa mafundi, Lothar Malskat, akajitokeza mwenyewe akasema sehemu ya michoro ile ameichora yeye, si ya kale hata kidogo. Wataalamu walikuwa wameshaisifu. Alishitakiwa akafungwa.

BintiShangani

Ahsante sana kwa nyongeza hiyo. Ningeijua kabla ningemsimulia mama, anapenda visa vya namna hiyo. Alimpenda yule shetani mdogo wa shaba aliyekaa juu ya jiwe nje ya kanisa. Kisa chake: watu walipoanza kujenga, shetani akauliza mnajenga nini, wakamdanganya ni kilabu cha mvinyo, akafurahi akasaidia kubeba matofali. Alipogundua ni kanisa akanyanyua jiwe aliangushe, wakamtuliza kwa kumwahidi kwamba kilabu watakijenga karibu. Na kweli, chini ya ukumbi wa mji, hatua chache tu, kipo chumba cha mvinyo mpaka leo.

Ummu_Raya

Assalamu alaykum. Dada, na chakula je? Na hiyo marzipani ni nini hasa, inafaa kwetu?

BintiShangani

Wa alaykum salaam dada. Marzipani ni lozi zilizosagwa na sukari, basi. Ubora unategemea lozi ni nyingi kiasi gani kulinganisha na sukari. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1407 kulikuwa na njaa, unga ukaisha, lozi zikabaki ghalani, waokaji wakaoka mikate ya lozi. Ni hadithi tu, maana kitu chenyewe kilitoka Mashariki, kwa Waarabu na Waajemi, kikapitia bandari za Mediterania. Mama alipoonja kipande cha kwanza alisema hapo hapo, "Hii kashata ya lozi imekosa iliki."

Duka maarufu ni Niederegger, la tangu 1806, mkabala na ukumbi wa mji. Juu kuna mkahawa, keki yao ya njugu yenye tabaka la marzipani ni nzuri kweli. Angalieni jambo moja: baadhi ya vipande vina pombe ndani. Ulizeni kila mara au someni karatasi. Wauzaji wanajibu vizuri bila kuchoka.

Kwa chakula, mikahawa ya Kituruki ya halali ipo. Sisi mchana tulikula mkate wa samaki karibu kila siku, ule wa heringi aliyelowekwa kwenye siki na vitunguu. Mama aliomba ndimu. Hawana. Siku ya pili alitoka na ndimu yake mkobani.

Mtafiti_Mdogo

Naomba kuuliza gharama na visa, niko Dodoma nataka kumleta mzazi pia… yaani mimi niende na mzazi kwa kaka yangu aliyeko Kiel.

BintiShangani

Visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Kaka yako aende ofisi ya wageni ya mji wake akatoe dhamana rasmi inayoitwa Verpflichtungserklärung, ni euro 29, atapeleka hati za mshahara. Hiyo inasaidia sana. Anzeni mapema, miadi ya ubalozini ndiyo inayochukua muda.

Usafiri: Deutschlandticket, mwaka 2025 ilikuwa euro 58 kwa mwezi, unapanda treni zote za mikoa na mabasi ya mijini. Mama naye nilimkatia. Ni usajili wa kila mwezi, kumbukeni kuufuta kabla ya tarehe 10 la sivyo unakatwa mwezi unaofuata.

Malazi: hapa tulipata shida. Chumba tulichopanga kiliandikwa "ghorofa ya pili", na tulipofika tukakuta ngazi za mbao zimejikunja kama konokono, nyembamba, hakuna lifti wala pahala pa kushika vizuri. Mama alipanda akipumzika kila hatua sita. Mwenye nyumba hakuwa ametaja hilo popote. Nyumba za mji wa kale nyingi ni hivyo, kwa hiyo mwenye mzazi aulize moja kwa moja: ngazi ngapi, lifti ipo? Na Jumapili maduka mengi yamefungwa, nunueni maji na matunda Jumamosi.

Nesi_Mwenzio

Mwenzangu wa kazi, ulimpeleka Heiligen-Geist-Hospital? Sisi tulipelekwa na chuo.

BintiShangani

Nilikuwa nasubiri mtu aulize! Wakuu, hiyo ni nyumba ya kutunza wazee na wagonjwa iliyojengwa na wafanyabiashara mwaka 1286. Unaingia kwanza kanisani, halafu nyuma yake kuna ukumbi mrefu sana. Mwaka 1820 waliugawa kwa vijumba vya mbao, vimepangana safu safu, kila kimoja kama mita za mraba nne, kitanda, meza, kabati, mlango wenye namba. Havina dari, juu ni paa la ukumbi tu. Wazee waliishi mle mpaka karibu mwaka 1970.

Mama aliingia kimoja, akakaa. Akasema, "Usiku akikohoa mmoja wote wanasikia." Kisha, baada ya kufikiri: "Lakini na akianguka wote wanasikia."

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba yenye vyumba vizuri, kila mzee na choo chake, na usiku nasikia kengele zikilia kwa sababu mtu anataka tu kuona sura. Nimelibeba hilo neno la mama mpaka kazini.

Mpwani_wa_Kibokoni

Maa shaa Allah. Na mama alipenda nini zaidi katika hayo yote?

BintiShangani

Bahari, kaka. Siku ya tatu tulipanda treni mpaka Travemünde, dakika ishirini na kitu, ndiyo pwani ya Lübeck. Mchanga mweupe, na vile viti vya kusukwa vyenye paa wanavyokodisha ufukweni, kimoja wanakaa wawili. Tulikodi kutwa nzima.

Mama mtoto wa pwani. Jambo la kwanza aliuliza, "Maji yanakupwa saa ngapi?" Nikamwambia mama, hii Baltiki, haikupwi wala haijai, tofauti yake ndogo huwezi kuiona kwa macho. Hakukubali. Akaokota kijiti, akakichomeka pale pale mawimbi yanapoishia, akaangalia saa. Tukala, akalala kidogo, akaamka akaenda kutazama. Kijiti kipo, maji yapo pale pale. Akakaa tena saa moja. Akaenda tena akasimama mbele yake, maji baridi yanamgusa vidole, ameshika baibui kwa mkono mmoja, akanipungia nije nione.

Juzi kanipigia simu kutoka Unguja. Tulizungumza habari za nyumbani, harusi ya mtoto wa shangazi, bei ya mchele. Alipotaka kukata akaniuliza kama wikiendi hii sina zamu, niende nikamwangalizie kijiti chake.